Betri Nane

Kamera inameza nane.
Zinalala mzungu wa nne,
kichwa cha hii kwenye miguu ya ile,
kama sisi bwenini Kondoa, mwaka ule wa njaa ya magodoro.
Ukigeuza moja vibaya haigombi, haisemi.
Inakaa mtini imefumba jicho,
nawe unarudi kilomita kumi na moja hadi Kwa Mtoro
ukijua umefanya kazi.

Mwezi wa tano ofisi ilinunua za bei rahisi,
sokoni Majengo, katoni nzima, ganda jekundu,
jina la kampuni limekosewa herufi moja.
Mhasibu alisifiwa kikaoni.
Mimi nilizipima kiganjani: nyepesi
kama karanga zisizo na kitu ndani.
Nikasema, "Hizi ni za saa ya ukutani."
Wakasema, "Betri ni betri, Mchiwa."

Haya. Betri ni betri.

Wiki ya kwanza, pale korongoni,
ilipiga picha elfu mbili mia tatu na sita:
nyasi zikitikiswa na upepo,
nyasi, nyasi, kwale mmoja,
ng'ombe wa Ijengo asiyeruhusiwa kuwa pale,
nyasi.
Kila unyasi ulilamba tone lake la umeme.
Usiku ndiyo zaidi: ile taa isiyoonekana kwa macho
hukamua kuliko mchana mzima,
na baridi ya Juni, hii yetu ya kupasua midomo,
huibana betri kama inavyolibana goti langu.

Mama Chedego alikuwa na mbuzi kumi na tisa.
Alfajiri ya Jumanne akahesabu kumi na nne.
Fisi, alisema.
Mbwa, alisema bwana wa wilayani,
na mbwa hana fomu ya kifuta jasho.
"Kamera yenu si iko palepale njiani?
Si mkaiangalie?"

Tukaiangalia. Yeye na fimbo yake ya kuchungia,
mimi na bisibisi, jua la saa nne mgongoni.
Picha ya mwisho: saa nane na dakika kumi na nne usiku.
Juu, robo tu, ukingo wa ua la miiba.
Chini yake kijivu, mistari, kisha weusi,
kama mtu aliyeanza kutaja jina akakatwa pumzi.
Alikitazama kile kioo kidogo
muda mrefu kuliko picha ilivyostahili.
"Hapa," akaweka kidole kwenye weusi. "Hapa yupo."

Ningemwambia nini? Volti moja na nukta moja?
Kwamba kamera haingoji betri iishe,
huzima betri inapochoka tu,
wakati ndani bado kuna nusu kibaba?

Siku hizi za korongoni ni lithiamu,
pakiti moja bei ya jogoo, kutoka posho yangu.
Za kuchaji naziweka kisimani, ninakopita kila Ijumaa.
Sichanganyi kongwe na mpya; kongwe humnyonya mwenzake.
Na kabla ya yote nafyeka nyasi, hatua kumi mbele.
Nimeyajua haya kwa mbuzi watano wa mtu mwingine.

Zile nane nilimpelekea. Aibu ilinituma.
Akazianika juu ya bati, kando ya mlenda,
akizigeuza mchana kama anavyoyageuza majani,
na mbili mbili anazitia kwenye redio
aliyoitundika mlangoni mwa zizi.
Inaongea usiku kucha, chini chini:
bei ya mahindi Kibaigwa, matangazo ya vifo,
taarabu kidogo, mikwaruzo.

Ni Septemba. Jozi ya tatu ndiyo kwanza inaanza kukohoa.
Napita doria saa nane, nazima tochi, nasikiliza
zikimsomea fisi habari,
zile nilizozitangaza maiti.

Fomu bado iko wilayani.
Mbuzi ni kumi na nne.